Benchi la Karibu na Mlango

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Juni, Adela alinipigia simu kunipa habari kwamba Mama Yeremia wa Kasulu amefariki. Tulikuwa hatujazungumza kwa miaka kumi na moja, na namba yake sikuwa nayo, ila sauti niliitambua kabla hajajitaja, kwa jinsi anavyoliburuta neno mwishoni. Hakuniuliza hali wala watoto. Alisema mazishi ni Jumatano, akasema njoo kama utaweza, akakata. Nikakaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Mume wangu akauliza nani kafa, nikamwambia mama mmoja wa kanisani kule nilikofundisha zamani. Akasema pole, akarudi kwenye gazeti lake. Na ni kweli, alikuwa mama mmoja wa kanisani. Lakini nilijua, na Adela alijua, kwamba sikuitwa kwenda kumzika Mama Yeremia tu.

Mwaka wenyewe ni 2013. Ya kwetu Korogwe nayaacha, hayana kosa lolote katika habari hii. Niliripoti mwezi wa Januari katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Kasulu, nina miaka ishirini na minne, begi moja, godoro la inchi nne na kiburi cha mtu aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni. Nikapangwa nyumba ya walimu pamoja na Mwalimu Adela, Muha wa Kibondo, aliyenitangulia kazini kwa mwaka mmoja. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, sakafu imepasuka katikati tangu ukuta hadi ukuta, na meza yetu ilikuwa madawati mawili ya shule yaliyofungwa pamoja kwa waya na kutandikwa kitenge. Mvua ikipiga juu ya lile bati hamsikilizani, na Kasulu mvua hainyeshi kidogo. Tulikuwa tukinyamaza ikatike ndipo mtu amalizie sentensi yake. Adela alinifundisha kula ugali wa muhogo, kuunga maharage kwa mawese, na kusema mwakeye asubuhi kwa kila tuliyempita njiani hata kama kengele imeshagongwa. Mimi nilimcheka Kiswahili chake, naye akanicheka nilivyoshindwa kushika jembe. Nilikuwa sijawahi kuwa na rafiki wa namna ile, na niseme ukweli, sijapata mwingine.

Adela alikuwa ameokoka. Mimi nilikuwa Mkristo wa ubatizo, kipaimara na Krismasi. Kanisa ni lile lile kwa jina, ila kule kwetu mchungaji anaitwa padri, ibada ni ubani na kengele, na dhambi zako ni siri yako na yeye. Kasulu nikakuta watu wanaoziweka mezani. Kila Alhamisi baada ya masomo walikutana sebuleni kwa Mama Yeremia, mjane wa mchungaji, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopepesa, na mabenchi yalipangwa kama darasani. Desturi yao waliiita kuweka mambo nuruni. Ukiwa na kinyongo na mwenzako hulali nacho. Unasimama mbele ya wote, na yeye yupo, unakisema. Naye anasimama anajibu yote bila kubakiza. Mkimaliza mnashikana mikono, mtu anaanzisha wimbo, na jambo halitajwi tena. Lakini aliyeulizwa akakataa kusema, huyo alihamia benchi la nyuma, la karibu na mlango. Hakufukuzwa, hakutukanwa, chai alipewa kama wengine. Ila hakuongoza maombi wala kufundisha neno mpaka jambo lake litakapokuja nuruni. Nilipoyaona hayo mara ya kwanza nilimwambia Adela kwamba kwetu ukiyasema mambo kama yale hadharani, ndoa tatu zinavunjika kabla ya chai. Akasema ndiyo maana sisi wa Korogwe tunaumwa presha.

Aliyefundisha neno siku nyingi ni Ndugu Samweli, mwalimu wa hesabu pale shuleni kwetu. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye mashati mawili, la kijivu na la kijivu zaidi. Mwaka ule kanisa lilikuwa limchague kijana mmoja wa kumpeleka chuo cha uchungaji, na kila mtu alijua ni yeye. Kilichobaki ni Mama Yeremia kulisema jina lake mbele ya wazee wa kanisa. Kila mtu alijua pia kwamba hapo ndipo barua ya posa ingekwenda Kibondo kwa kina Adela. Alikuwa akija kula kwetu Jumapili baada ya ibada, na mlango ulikuwa unaachwa wazi hata kama baridi inaingia, maana kijana aliyeokoka haketi na wasichana mlango umefungwa. Walizungumza na Adela habari za mitihani ya darasa la saba na bei ya mahindi. Mimi niliwaambia hata wazee wa miaka sabini huzungumza mambo ya mapenzi kuliko nyinyi. Adela akajifunika uso kwa khanga, Samweli akaomba aongezwe mchuzi.

Na mimi nilikuwa na wangu. Alikuwa tabibu katika zahanati moja ya huko. Watu walimwita Daktari na yeye hakuwasahihisha. Alikuwa na mke na watoto Tabora. Alinieleza mwenyewe wiki ya pili, kwa unyonge, kama mtu anayekueleza kwamba ana vidonda vya tumbo. Kwa hiyo sikudanganywa, nilijua. Adela nilimwambia ninakwenda mjini kumtembelea mwalimu mwenzangu wa Tanga, naye akawa ananifungia maandazi nimpelekee huyo mwalimu. Daktari aliyasifu sana.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, Adela akiwa sokoni, Ndugu Samweli alikuja peke yake. Nilimkaribisha ndani, akakataa, akakaa kizingitini miguu ikiwa nje. Akaniambia ameniona mara mbili nikishuka kwenye pikipiki ya yule bwana, na mara ya pili tulikuwa hatuagani kama watu wa salamu. Hakupandisha sauti. "Dada Agnes," akasema, "yule ni mume wa mtu. Nakuambia wewe peke yako, na mwingine sitamwambia." Akaomba maji, akanywa, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akaenda zake. Angeweza kulisimamisha jambo lile Alhamisi mbele ya watu wote. Hakutaka jina langu litembee, mimi mgeni na msichana wa watu. Hilo nililielewa siku ile ile, sikuhitaji miaka ya kulielewa.

Niliona aibu, na aibu haikukaa siku mbili ikageuka hasira. Angenitukana ningeweza kumtukana na mambo yakaisha. Lakini mtu anakwambia ukweli, anakunywa maji yako na anakushukuru, hasira utaipeleka wapi? Niliibeba. Kila alipofungua Biblia nilisikia ananisema mimi, hata siku aliyokuwa akifundisha habari za Nuhu. Nilianza kuyachukia mashati yake. Na Daktari sikumwacha. Nilikwenda zaidi, kwa ukaidi, ingawa alishaanza kunichosha. Nilikuwa nataka Samweli aonje kidogo jinsi ilivyo kutazamwa na mtu anayejua jambo lako.

Mwezi wa tisa, tukiosha vyombo nje, nilimwambia Adela kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Ndugu Samweli aliwahi kuja siku moja yeye akiwa sokoni. Akauliza alikuja kufanya nini. Nikasema, muulize mwenyewe. Hayo tu. Nimeyapima maneno yale miaka yote na hakuna hata moja la uongo. Adela akamuuliza, naye Samweli akajibu kwamba ni jambo la Dada Agnes, hawezi kulisema. Adela akarudi nyumbani uso umebadilika, akaniuliza mimi. Nikatazama chini. Kutazama chini nako si uongo. Jioni ile hakula, akasema kesho atamuuliza tena, na mimi, rafiki yake, nikamshika bega nikamwambia, "Usimuulize tena. Liweke nuruni." Nilikuwa nimekaa nao miezi minane. Samweli nilimjua hatavunja ahadi yake, na desturi yao niliijua kuliko baadhi yao.

Alhamisi Adela alisimama huku ameshika ncha ya khanga kwa mikono yote miwili. Akasema, "Ndugu zangu, nina kinyongo na Ndugu Samweli. Alikuja kwetu nisipokuwepo, na hataki kuniambia alikuja kufanya nini." Samweli akasimama. Alinitazama mara moja tu, wala si kwa muda mrefu. Akasema ni kweli alikwenda, hakufanya baya, na zaidi ya hapo hawezi kusema. Mama Yeremia akamuuliza mara ya pili na ya tatu, jibu likawa lile lile. Palikuwa na kuku aliyeingia mlangoni akidonoa makombo ya maandazi na hakuna aliyemfukuza. Kisha yule mama akanigeukia mimi. "Dada Agnes, una neno?"

Nikasema, "Nimemsamehe."

Ningeweza kusema sina neno. Ningeweza hata kukohoa. Nilichagua lile, na ndani yake kila aliyekaa pale akajaza kosa alilolitaka mwenyewe. Kina mama wawili wakatikisa kichwa kwa kunihurumia. Mmoja akanishika mkono. Samweli akachukua Biblia yake akahamia benchi la nyuma, chai ikaletwa, naye akapewa kikombe chake kama desturi. Sitasema niliumia. Usiku ule nililala vizuri sana.

Jumamosi tulikuwa na kawaida yetu, mimi na Adela. Tulisoma Biblia mchana tukichagua maharage ya wiki: mmoja anasoma, mwingine anashika ungo, kisha tunabadilishana. Tulikuwa tumeanza Injili ya Marko tangu Pasaka, mwendo wa kobe, na Jumamosi ile ilikuwa zamu ya sura ya sita. Adela akasoma, mimi nikachagua. Habari yenyewe inajulikana: Yohana anamwambia Herode si halali kwake kukaa na mke wa ndugu yake, mwanamke yule Herodia anamwekea kinyongo, anataka auawe lakini hapati njia, maana mfalme anamheshimu yule mtu. Kisha siku ya karamu binti anacheza, mfalme anaapa kumpa lolote atakaloomba, na binti anatoka kwenda kumuuliza mama yake. Adela akasoma mpaka kichwa kilipoletwa kwenye sinia, akaweka daftari lake mezani. Alikuwa mwalimu hata nyumbani; kila sura aliichorea jedwali. Siku ile alipiga mistari akaandika juu: nani, anataka nini, anamtumia nani, anayeumia ni nani. Akamjaza Herodia mstari mzima kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

"Mimi sisumbuliwi na huyu mama," akasema. "Nasumbuliwa na binti. Kaambiwa aombe lolote, hata nusu ya ufalme. Anatoka nje kwenda kuuliza aombe nini. Agi, yeye hakuwa na lake la kuomba?"

Nikasema pengine alikuwa mtoto.

"Mtoto anajua kuomba viatu," akasema.

Nikaendelea kutoa mawe kwenye maharage. Akaniambia tena, taratibu, kwamba mfalme naye alihuzunika, ila aliona haya mbele ya wageni wake. Kumbe watu wazima wanaweza kukaa karamuni, kila mmoja anajua jambo si sawa, na sinia likapita katikati yao. Ndipo akachora mstari wa pili chini ya ule wa Herodia, mtupu, akaligeuza daftari upande wangu na kunipa kalamu. Akasema mstari mmoja umebaki, nijaze mimi. Nilifuta mikono kwenye sketi. Nilijua anachokitaka, na nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuandika jina langu. Lina herufi tano. Nikaandika, kwenye safu ya nani, Shetani. Nikamrudishia. Adela akalitazama lile neno, akasema, "Ego," ndiyo ya Kiha, ambayo si lazima iwe kukubali. Akachukua ungo akaenda kubandika maharage.

Wazee wa kanisa walikuwa wakutane Jumapili ya wiki iliyofuata. Nilikuwa na siku nane. Adela alipika kama siku zote, akanichotea maji ya kuoga ilipokuwa zamu yake na ilipokuwa zamu yangu, hakuniuliza kitu. Jumatano nilivaa nikaenda mpaka kwa Mama Yeremia. Nilimkuta uani anaanika maharage. Tukaamkiana, akaulizia Korogwe, akaulizia mvua za Korogwe, kisha akaacha kuanika akangoja. Nikasema nimekuja kuazima ungo. Akanitazama na yale macho yake, akaingia ndani, akanipa. Ungo tulikuwa nao nyumbani. Jumapili wazee wakamchagua kijana mwingine, wa upande wa Buhigwe, na Samweli akasaidia kurudisha mabenchi baada ya kikao. Barua ya posa haikwenda Kibondo. Mwezi wa kumi na moja Daktari akapata uhamisho kumfuata mkewe, wala hakuniaga. Ni kwa ajili ya huyo nilimkata mtu kichwa. Januari Adela naye akahamia Kibondo. Aligawa vyombo nusu kwa nusu kwa haki kabisa, hata vijiko, na siku ya kuondoka akanikumbusha kwamba ungo wa watu sijaurudisha.

Kasulu ya sasa ina lami, nilishuka stendi sikuyajua hata maduka. Adela nilimkuta msibani, jikoni nyuma ya nyumba. Amenenepa, ni mwalimu mkuu msaidizi huko Kibondo, ana mume bwana shamba na watoto watatu. Akanikumbatia kwa upande, kama mtu mwenye unga mikononi, akanisogezea kigoda na ungo wa maharage ya waombolezaji. Tukachagua. Kazi ile mikono inaikumbuka yenyewe. Baada ya muda, bila kuinua uso, akasema, "Nilikusubiri, Agi. Siku zote nane."

Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu uliposema nimemsamehe. Samweli angekukosea kweli, ungepiga kelele mpaka Kibondo wakasikia. Nakujua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema yeye. Akatoa jiwe, akalitupa. Akasema kinyongo hakikuwa chake, kilikuwa changu, na yeye alikuwa na la kwake la kutosha: alimshitaki mtu kabla ya kumwamini, na alipokwenda kumwomba radhi, Samweli alimpokea vizuri, akampa chai, wala hakumtajia posa tena. Alisema hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwaka wa zamani. Mimi nililia kidogo juu ya maharage. Akaniacha nilie, kisha akaniambia nisogeze ungo usilowe.

Baada ya mazishi tuliingia sebuleni kwa marehemu kwa ibada. Chumba kimepakwa rangi, mabenchi ni yale yale. Aliyeongoza ni yule kijana wa Buhigwe, ambaye sasa ni mchungaji mwenye kitambi. Na nyuma, kwenye benchi la karibu na mlango, alikaa Ndugu Samweli, kipara kimeanza, bado anafundisha hesabu. Adela alikuwa ameshanidokeza jikoni, lakini sikuamini mpaka nilipomwona. Miaka yote ile hakuna aliyempeleka pale tena na hakuna aliyemwondoa. Mama Yeremia alimwambia mara nyingi aje mbele, yamepita. Yeye alijibu kwamba yamepita lakini hayajasemwa. Wadogo walioingia baadaye walidhani anapenda upepo.

Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya kufunga. Nikasimama. Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu ndani ya basi na yote ikanipotea. Nikasema, "Mwaka 2013, ndani ya chumba hiki, nilisema nimemsamehe Ndugu Samweli. Hakuwa amenikosea. Alikuja kuniambia niachane na mume wa mtu. Akalificha jina langu, na mimi nikaliharibu lake."

Kwa desturi hapo mtu huanzisha wimbo. Hakuna aliyeanzisha. Mchungaji akajifuta uso kwa leso; nadhani alikuwa anapiga hesabu ya nafasi aliyokalia. Kisha akamwomba Samweli aje mbele. Samweli akasema ahsante, hapo ameshapazoea. Mchungaji akamuuliza, kama Mama Yeremia alivyoniuliza mimi, "Una neno kwa dada?"

Akasimama polepole. Akasema, "Neno langu nilimwambia siku ile, kizingitini kwake. Jingine sina." Akakaa.

Nilikuwa bado nimesimama. Nikachukua mkoba wangu, nikapita katikati ya mabenchi, watu wakivuta miguu, nikaenda nyuma. Benchi lile ni la watu wawili na yeye alikuwa amekaa katikati. Nikasimama kando yake kwa muda ulionitosha kuhesabu vifungo vya shati lake. Lilikuwa la kijivu. Hakunitazama. Akaichukua Biblia iliyokuwa ubavuni pake, akaiweka magotini, akasogea.